Boriti Tupu

Mwalimu alipoingia karakana na karatasi yenye vipimo, Fundi alidhani ameletewa oda ya kitanda. Akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena. Karibu mita nne kwenda upana. Sentimita sabini na sita kwenda juu. Boriti ya juu iwe nene kiasi cha mtu mzima kuikanyaga na isicheze.

“Kitanda cha nani hiki, Mwalimu? Cha tembo na mkewe?”

Mwalimu hakucheka. Alikuwa mzee mwembamba aliyefundisha hesabu miaka thelathini na miwili, na tangu astaafu alibaki na kazi moja tu ya kujitakia: kuwakimbiza watoto wa watu kwenye kiwanja cha shule kila jioni.

“Cha dada yako,” akasema. “Si cha kulala, cha kuruka. Nataka vinne.”

Akaeleza akiwa amekaa juu ya rundo la mbao. Kwenye mbio za kawaida dada mtu alikuwa mzuri, lakini wazuri walikuwa wamejaa kama utitiri. Kwenye mita elfu tatu za kuruka viunzi na maji hawakujaa, kwa sababu wengi waliogopa. Shule haikuwa na kiunzi hata kimoja, na uwanja wenye viunzi vya kweli ulikuwa mwendo wa siku nzima kwa basi. Baada ya miezi mitano kungekuwa na mchujo huko, na wasichana watatu wa mwanzo wangechukuliwa kambini, kwenye timu ya taifa.

“Na huyu wako haogopi kitu,” Mwalimu akamaliza.

Hilo Fundi hakuhitaji kuambiwa. Yeye ndiye aliyempa dada yake jina la Kiberiti, akiwa mtoto mwembamba kama njiti na mwepesi wa kuwaka. Baba yao alianguka kutoka ghorofa ya nne ya jengo alilokuwa akilipiga lipu, Kiberiti akiwa na miaka sita. Fundi, mwenye miaka kumi na tisa, akaacha masomo akashika randa. Mama akaenda kufagia na kupiga deki kwenye zahanati. Kwa hiyo aliyemfunga mtoto kamba za viatu asubuhi, aliyemsainia ripoti ya shule, aliyeitwa shuleni alipompiga mwenzake kwa daftari, ni Fundi. Watu wa mtaani walizoea kumuuliza, “Binti yako hajambo?” naye alikwisha kuchoka kuwasahihisha.

Sasa binti mwenyewe alikuwa na miaka kumi na tisa, na Fundi alikuwa na mvi tatu ambazo Kiberiti alizihesabu kila Jumapili kwa sauti.

Boriti zilipatikana kwenye ghala la zamani lililobomolewa. Zilikuwa za mti mgumu, nyeusi kwa uzee, na msumeno ulilia juu yake kama mbuzi anayeburutwa. Fundi akaunga miguu, akapigilia misumari ya inchi sita, akapaka rangi nyeupe na nyekundu kwa vipande kama karatasi ilivyoelekeza. Kila kiunzi kilihitaji wanaume sita kukibeba hadi kiwanjani, na wote sita walitukana njia nzima.

Mwalimu akakipiga kiunzi cha kwanza teke. Hakikutikisika. Akaruka kwa mguu mmoja akishika kidole gumba, huku uso umejaa furaha.

“Safi! Hivi ndivyo vinavyotakiwa. Sikiliza, binti. Vile viunzi vya mbio fupi ukivigusa vinaanguka. Hivi havianguki, unayeanguka ni wewe.”

Kwa upande wa maji hawakuwa na la kujenga. Pembeni ya kiwanja kulikuwa na shimo walilochimba wafyatua matofali, lililojaa maji ya mvua na vyura. Wakaweka kiunzi kimoja ukingoni mwake. Kiberiti akawa anakanyaga boriti, anajirusha, anatua kwenye tope hadi magotini, anatoka mbio. Jioni aliporudi nyumbani Mama alimsimamisha mlangoni, akammwagia ndoo mbili za maji kabla ya kumruhusu kuvuka kizingiti.

Wiki ya tatu goti likagonga boriti.

Fundi alikuwepo. Sauti ile ilikuwa kama ya nyundo iliyokosa msumari. Kiberiti akaenda kifudifudi, akanyanyuka, akachechemea hatua mbili, akakaa chini. Kufika nyumbani goti lilikuwa limevimba kama andazi. Mama akalikanda kwa maji ya moto na chumvi, midomo ameibana.

“Atajifunza,” Mwalimu alisema kesho yake. “Mimi namwelekeza tu. Anayemfundisha ni ile boriti. Mwili ukishaumia mara moja, unajua wenyewe uinuke kiasi gani.”

Na kweli alijifunza. Baada ya siku kumi alirudi kiwanjani, akawa anapita juu ya kiunzi kwa nafasi ya kiganja kizima. Alikuwa mzito kidogo hewani, kasi ilikuwa imepungua, lakini alikuwa anapita. Mara ya pili akagonga kifundo cha mguu. Mara ya tatu akachubuka paja hadi damu ikalowesha soksi.

Hapo ndipo macho ya Mwalimu yalipomwangusha. Alikuwa na mtoto wa jicho kwa muda mrefu na alikuwa akificha. Siku alipousalimia mlingoti wa bendera akidhani ni mlinzi wa shule, binti yake aliyeolewa mji mwingine akaja kumchukua kwa nguvu akafanyiwe upasuaji. Angekaa huko miezi miwili. Alimwachia Fundi saa ya kupimia, daftari la ratiba lililoandikwa kwa herufi kubwa, na agizo moja.

“Fuata daftari. Na viunzi usiviguse, hata kama atalia.”

“Sawa, Mwalimu.”

“Niambie tena.”

“Sitavigusa.”

Siku ya nne tu baada ya Mwalimu kuondoka, Mama alimkuta Fundi uani akipiga mswaki. Alikuwa amekwisha kuvaa gauni lake la kazi, ndoo mkononi.

“Baba,” akamwita, kama alivyomwita tangu akiwa mchanga, “jana umeuona mguu wa mwenzio?”

“Nimeuona, Mama.”

“Mimi nilishaletewa mtu juu ya machela. Nilimfunua shuka mwenyewe. Sitaki kufunua lingine.” Akaweka ndoo chini. “Simkatazi kukimbia. Nikimkataza ataniona adui. Lakini wewe ndiye unayeyatengeneza yale madude. Huwezi kuyafanya yasimuumize?”

“Mwalimu amesema—”

“Mwalimu ana wanawe, wote wazima. Mimi nakuomba wewe.”

Hakuwa mwanamke wa kuomba. Tangu mumewe afe hakuwahi kumwomba Fundi kitu. Alimwagiza, alimkaripia, alimwombea dua, lakini kuomba, hapana. Akainua ndoo yake akaenda kazini. Fundi akabaki na povu la dawa mdomoni.

Siku hiyohiyo akaanza. Alichukua mbao nyembamba, akaunda maboksi marefu yenye umbo la boriti, ndani matupu. Akayapaka nyeupe na nyekundu. Akang’oa boriti za ghala kutoka kwenye viunzi vitatu vya kiwanjani na mahali pake akalaza maboksi, bila msumari, kwenye vijishimo alivyochonga kwa patasi. Kiunzi cha shimo la maji alikiacha, kwa maana kile kilikanyagwa. Ilikuwa kazi safi. Ukisimama hatua tano hukuona tofauti. Ukiligusa boksi kwa mguu, lilidondoka upande wa pili kwa sauti ya debe tupu.

Jioni Kiberiti akaruka, akagusa, boksi likaanguka. Akasimama akalitazama, kisha akamtazama kaka yake.

“Hii nini?”

“Ni ya mazoezi. Inakupa nafasi ya kuzoea kasi kwanza.”

“Mwalimu anajua?”

“Anajua,” Fundi akasema. “Nimempigia simu.”

Alisema bila kumeza mate, akajishangaa mwenyewe. Kiberiti akacheka kwa furaha, akarudi kwenye mstari wa kuanzia.

Kuanzia hapo msichana akaruka kama aliyefunguliwa minyororo. Kila wiki muda ulipungua. Dakika kumi na sekunde hamsini. Kumi na thelathini na tano. Jumamosi moja yenye upepo, saa ikasimama kwenye dakika kumi na sekunde ishirini na moja, na Fundi akaigongagonga kwenye kiganja akidhani imeharibika. Michubuko ikapona. Mama akaanza kuimba tena akifua.

Lakini Fundi alikuwa na jicho la seremala, jicho linaloona milimita. Aliona ile nafasi ya kiganja kati ya mguu na boriti ikipungua ikawa ya vidole vitatu, kisha viwili, kisha hakuna. Goti la nyuma, ambalo zamani Kiberiti alilivuta juu hadi karibu na kwapa, sasa lilikuwa linaburuzwa. Kwenye kila zoezi maboksi yalianguka mara nne, mara tano. Yeye hakugeuka hata kuyatazama. Fundi aliyafuata nyuma, akayaokota, akayarudisha mahali pake. Aliyaona yote hayo, na kila jioni akajiambia kwamba Mwalimu akirudi atamrekebisha. Jirani yake wa karakana, mpiga rangi mmoja mwenye maneno mengi, siku moja alimsimulia habari za mpwa wake aliyeshindwa shule, akamalizia, “Mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe.” Fundi akamwambia apunguze domo, amsogezee gundi.

Jicho la pili la Mwalimu lilichelewa kupona, na miezi miwili ikawa zaidi ya mitatu. Alirudi zikiwa zimebaki siku tisa kufika mchujo. Alipiga simu akiwa njiani. Asubuhi ile Fundi aliwakusanya wale wanaume sita, wakazirudisha boriti za ghala, akazipigilia misumari ya inchi sita kama mwanzo. Maboksi aliyavunja, akayachoma pamoja na maranda. Alipokuwa akiyatazama yakiungua alijua wazi kwamba mtu asiyeona kosa lake haanzi kuchoma ushahidi.

Mwalimu akaja na miwani myeusi, akapapasa kiunzi, akaridhika. “Umevitunza.” Akafungua daftari akaona muda. Akavua miwani, akausogeza ukurasa karibu na pua. “Kumi na ishirini na moja? Juu ya viunzi hivi?”

“Juu ya viunzi,” Fundi akajibu.

Mwalimu akamkumbatia. Mzee yule hakuwa mtu wa kukumbatia. Alinuka dawa ya macho, na mifupa yake ilimchoma Fundi kifuani. “Basi hatuna la kuongeza,” akasema. “Siku za mwisho mtu hajifunzi kitu. Anapumzisha miguu tu.” Kwa hiyo siku tisa zile Kiberiti alikimbia taratibu kuzunguka kiwanja, akajinyoosha, akalala mapema. Hakuruka hata kiunzi kimoja.

Fundi alikuwa na siku tisa za kusema. Kila asubuhi alikuwa na sentensi tayari, na kila jioni alirudi nayo.

Safarini Mama hakwenda, zahanati haikumpa ruhusa. Walikwenda watatu, wakalala kwa jamaa wa Mwalimu, wakafika uwanjani mchana. Kiberiti alikuwa anajipasha moto. Fundi akashuka hadi ukingoni mwa njia, akakiwekea mkono kiunzi cha karibu, akakisukuma. Akakisukuma kwa bega. Ilikuwa sawa na kusukuma ukuta wa kanisa.

Akamwita dada yake. “Kibe, hizi boriti hazianguki.”

“Kaka, najua.”

“Nasema hazianguki kabisa. Inua goti.”

“Najua!” Alikuwa anarukaruka papo hapo, macho yako mbali. “Si nilianza na zile ngumu? Usinitie woga sasa hivi, tafadhali.”

Alikwisha kusema, basi. Ila alisema kama mtu anayebisha hodi huku akiomba wenyeji wasiwepo. Neno moja ambalo lingemsimamisha dada yake, kwamba Mwalimu hakujua chochote, hakulitamka.

Raundi za mwanzo Kiberiti alikimbia vizuri kuliko alivyowahi. Alikuwa na nguvu mpya, na nguvu zilimnyanyua juu ya kila boriti. Mwalimu alikuwa anapiga kelele hadi sauti ikamkauka. Raundi ya tano alikuwa wa tatu. Ya sita akampita wa pili. Hapo ndipo miguu inapoanza kuwa ya udongo, na mwili unarudia kile ulichokizoea. Kwenye kiunzi cha pili cha raundi ile, mguu wa mbele ukapita. Goti la nyuma likaburuzwa.

Fundi aliisikia sauti kutoka jukwaani, au alidhani ameisikia. Kiberiti alipinda hewani, akaangukia upande wa pili, mguu wa kushoto umebaki nyuma yake. Msichana aliyekuwa akimfuata alikuwa amekwisha kuruka. Hakuwa na pa kutua ila pale. Alitua kwa viatu vyake vya misumari juu ya ule mguu, na mfupa ukatoka nje ya ngozi mbele ya watu wote.

Machela ilichelewa. Fundi alifika kabla yake. Kiberiti hakuwa analia. Alikuwa anautazama mguu wake kwa mshangao, akauliza, “Mbona haikwenda?” Akauliza tena, akimaanisha boriti.

Hospitali ilimfanyia upasuaji mara mbili. Siku ya sita, alipoweza kukaa, Mwalimu alikuja na kiti chake hadi karibu na kitanda. Fundi alikuwa amesimama dirishani.

“Nimewaza sana,” Mwalimu akasema kwa upole. “Goti lile, binti. Nilipokuacha ulikuwa unalivuta vizuri. Lilishukaje?”

“Labda ni yale maboksi,” Kiberiti akasema. “Nilizoea kuyagusa.”

“Maboksi gani?”

“Yale mepesi. Uliyomruhusu Kaka ayaweke.”

Muuguzi alipita na toroli la dawa, magurudumu yakilia, akapita kitanda cha pili, cha tatu, hadi mwisho wa wodi. Mwalimu aligeuka polepole. Miwani yake myeusi ilimwelekea Fundi. Kiberiti naye akamtazama Mwalimu, akamtazama kaka yake, na Fundi aliona jinsi uso wake ulivyoelewa, kipande kwa kipande.

“Toka,” akasema. Hakupaza sauti. “Kaka, toka nje.”

Mwalimu alimkuta kwenye benchi la korido. Fundi alitarajia matusi, hata kofi angelipokea. Mzee alikaa kando yake, mikono juu ya magoti.

“Ungeniambia tu. Ningekataa, tungegombana, basi.”  “Na mimi nilipoona muda ule nilijua haiwezekani. Nimefundisha hesabu. Nilijua, nikataka iwezekane.” Akanyanyuka akaenda zake. Hakurudi tena kiwanjani, na watoto wengine wakatawanyika.

Mguu uliingia uchafu, ukafunguliwa tena, ukafungwa. Ulipopona ulikuwa mfupi kwa vidole viwili. Daktari alimwambia Kiberiti kwamba atatembea, akalisema kama habari njema.

Nyumbani Mama alimlisha, akamwogesha, akamsuka. Kwa Fundi alikuwa vilevile, alimpakulia chakula, alimuuliza kama ameshiba. Kuhusu asubuhi ile ya uani hakusema kitu. Fundi alingoja. Alimngoja siku, wiki, miezi, aseme hata nusu: *mwanangu, mimi ndiye niliyekuomba.* Jioni moja Kiberiti alikuwa anafoka chumbani kwamba kaka yake amemuua akiwa hai, na Mama, akichambua mchele, akaitikia kwa sauti ndogo, “Mungu anajua kwa nini alifanya vile.” Macho yake na ya Fundi yalikutana juu ya ungo. Mama ndiye aliyeyainamisha kwanza. Fundi akaelewa kwamba Mama hatasema kamwe, kwamba akisema hatabaki na kitu cha kushikilia. Akachukua kofia yake akarudi kazini.

Mwezi uliofuata Kiberiti alihamia kwa shangazi yao, upande wa pili wa mji, akajifunza kushona kwa cherehani ya umeme. Hakuaga karakana.

Ulipita mwaka na zaidi. Mchana mmoja wa kiangazi Fundi alikuwa analainisha mlango kwa msasa, akasikia hatua zisizolingana, moja nzito, moja nyepesi. Hakuinua kichwa mpaka zilipokoma.

Kiberiti alikuwa amenenepa kidogo. Akaweka juu ya meza kiatu cha kushoto, cha ngozi nyeusi, soli imebanduliwa.

“Fundi viatu ameshindwa,” akasema. “Kila akiongeza kisigino kinakwenda upande. Nataka cha mbao, ndani ya soli. Sijakusamehe. Nimekuja kwa sababu ameshindwa.”

“Kaa,” Fundi akasema.

Akachukua mbao nyepesi. Akampima kuanzia nyonga hadi kisigino, mguu wa kulia, kisha wa kushoto, kisha tena wa kushoto. Mguu ule ulikuwa na kovu refu lililong’aa. Kiberiti alitazama ukutani, kwenye misumeno.

“Nikuulize,” akasema bado anatazama ukuta. “Ile ilikuwa akili yako peke yako?”

Fundi alikuwa na penseli sikioni. Akaitoa, akachora mstari kwenye mbao, akaupuliza.

“Yangu peke yangu.”

“Mama hakujua?”

“Hakujua.”

Kiberiti akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa akitumaini jibu jingine. Fundi akachonga, akapiga randa, akaweka kipande ndani ya kiatu. Kiberiti akakivaa, akatembea hadi kwenye rundo la mbao, akarudi.

“Bado juu. Naegemea kulia.”

Fundi akapunguza mbao kiasi cha unene wa karatasi. Kiberiti akatembea tena. Hatua zikawa zinakaribiana, si sawa, lakini zinakaribiana. Akafunga kamba mwenyewe, akachukua mfuko wake, akafika mlangoni, akasimama akiwa amempa mgongo.

“Nina pea nyingine, ya kahawia.”

“Ilete,” Fundi akasema.

 Kiberiti akatoka juani, na Fundi akasikiliza hatua zile mpaka zikapotea kwenye kelele za mtaa, kisha akaokota msasa akarudi kwenye mlango wa watu.